Simu Ambayo Sikumpigia Shangazi

Mama,

Krismasi imepita na sielewi kama nimeiharibu au nimeitengeneza. Nimekaa kibarazani hapa kwako Msangeni, asubuhi ya tarehe ishirini na sita, na Shangazi yuko jikoni anaosha masufuria yako. Ndiyo, huyo huyo wifi yako. Usinikasirikie kabla sijamaliza.

Tangu ututoke mwezi wa tatu mambo yanaenda. Kahawa tumevuna kidogo. Kwaya ya akina mama wamempa mwingine nafasi yako ya sauti ya pili, anaimba kwa bidii sana ila anawatangulia wenzake wote. Ungecheka.

Shangazi alipanda kutoka Same juzi kwa bodaboda, amepakata mchele, hakualikwa na mtu, au ndivyo nilivyodhani. Nilimpa shikamoo ya mdomoni tu. Ukiacha siku ya msiba wako, ni miaka tisa hajakanyaga hapa, tangu msiba wa Baba, alipokuambia mbele ya waombolezaji kwamba ulimchelewesha kwenda hospitali. Nakumbuka ulivyojifunga khanga kiunoni ukasema, "Huyu asiguse sufuria langu tena." Mimi nililishika neno hilo, Mama. Nililishika mno.

Jana kanisani mchungaji alisema tupeane mikono ya amani. Nikageuka, kumbe aliye nyuma yangu ni yeye. Alinishika mkono hakuuachia, machozi yanamtoka. "Mwanangu, nisamehe. Siku ile ya msiba simu yangu sijui ilikuwa na nini. Mmenitafuta weee, nimekuja namkuta wifi ameshazikwa." Nikamjibu, "Yameisha, Shangazi." Watu wa benchi letu wakatabasamu, na mimi nikatabasamu nao.

Simu yake haikuwa na tatizo lolote. Mimi ndiye niliyeshika simu yako siku ile, nikipiga jina moja baada ya jingine kuwaarifu watu. Nilipofika kwenye jina lake nikaliruka. Ukoo walipouliza nikasema hapatikani. Niliona nakutetea. Alisikia kwa watu huko Same, akafika maua yameshapangwa juu ya udongo, na tangu siku hiyo anajilaumu yeye.

Tulipotoka ibadani tukakaa kumenya ndizi, ndipo akaniambia mlishapatana. Eti ulimpigia mwenyewe wiki mbili kabla hujafa, mkalia, mkacheka, ukamwambia Krismasi aje mpike pamoja. Je, ni kweli? Nimeichaji simu yako niangalie. Simu zilizobaki humo ni zile nilizopiga mimi za kutangaza msiba, za kwako zimefutika. Na kama ni kweli, mbona hukuniambia? Au ulitaka kuniambia? Siku zile za mwisho ulimtaja mara mbili tatu, na mimi kila mara nilibadilisha mazungumzo, nikidhani nakuepusha na uchungu. Sijui, Mama. Nazunguka hapo hapo tu.

Ndizi alizopika zilikuwa tamu kama zako. Hilo nalo limeniudhi.

Anaondoka saa nane. Nikimwambia, huenda asije tena hapa, na wanangu wameshamganda, mdogo jana kalala mapajani kwake. Nikinyamaza, ataendelea kuomba msamaha kwa kosa langu, na mimi nitaendelea kumsamehe kama mtu mwema. Nimesali tangu alfajiri, amani niliyoiomba haijaja.

Lakini nakuahidi hili: nitamwambia kabla hajapanda pikipiki, tena sitasema nilifanya kwa ajili yako. Nilifanya mimi, kwa hasira zangu. Kama hukuwa umemsamehe, basi nisamehe na mimi kwa kumwachia jiko lako.

Pumzika, Mama. Ananiita, anasema chai inapoa. Naingia nikamwambie.

Mwanao