Kwa Zadock Hapafungwi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimefika asubuhi kufungua uwanja wetu wa bembea, nikakuta X nyekundu kwenye geti. Kubwa! Rangi bado mbichi, imechuruzika mpaka kwenye jina la Mzee Zadock, marehemu baba mkwe wangu. Watu wa Kisumu hawahitaji kuelezwa maana ya X. Ni kubomolewa, ni tingatinga.

Mama anayechoma mahindi hapo nje anasema ni vijana wawili wa pikipiki. Hawakusalimia. Hawakusema wametumwa na nani. Wamepaka, wakaenda.

Nimezunguka ndani kuangalia kama kuna kilichoharibiwa. Hakuna. Wanyama wa mbao wako kwenye jukwaa lao la kuzunguka — kiboko, mamba, samaki mbuta, korongo. Mashua ya kubembea iko. Gurudumu kubwa liko. Lakini kwenye geti dogo la nyuma, upande wa ziwa, nimekuta X nyingine. Geti hilo halionekani kutoka barabarani. Hata mimi silipiti tangu maji yapande.

Baadaye amekuja mama na watoto wake wawili. Likizo ndiyo imeanza, watoto wamevaa nguo za kanisani. Ameona X, amesimama. Nikamwita: ingia, mama, tuko wazi. Akasema hapana, ataogopa, vitu vya serikali hivyo. Akawavuta mkono. Mdogo alienda akilia, shingo imegeukia kwa mamba.

Hapo ndipo nilipokasirika. Nilikuja hapa bibi harusi mwaka wa themanini na nane. Nimekatia tiketi watoto, nikakatia watoto wa hao watoto. Leo napakwa X kama choo cha soko!

Sitalia. Naandika tu.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Owiti amepiga simu. Kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Ouma. Anakaa Nairobi, na hupiga simu mtu akifa au yeye akitaka kitu. Hakuna aliyekufa.

Sauti ya asali. "Shemeji, pole. Nimesikia mambo ya X."

Halafu wimbo wake ule ule. Ploti ya kando ya ziwa haifai kukaa na vyuma vikuukuu. Kuna mwekezaji wa hoteli. Shamba bado liko kwa jina la Mzee Zadock, kwa hiyo Mama, mjane wake, akiweka kidole tu kwenye karatasi, mambo yameisha. Mimi nitajengewa nyumba nzuri Mumias. "Kwenu," akasema.

"Kwetu ni hapa," nikamwambia. "Ouma alinioa hapa."

"Shemeji, usiwe mgumu. Serikali ikishapaka X hadi geti la nyuma, hapo hakuna kesi tena."

Nikasema nitafikiria. Tukaagana vizuri.

Nilikuwa nasugua sufuria ndipo nikasimama, povu likinidondokea miguuni. Geti la nyuma! Sijamwambia mtu kuhusu geti la nyuma. Hata Shantel, binti yangu aliyeko chuo Maseno, nilimwambia tu kwamba tumepakwa X. Mama wa mahindi hajui kwamba kuna geti huko.

Si serikali. Ni shemeji yangu na kopo lake la rangi.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimeenda Kombewa kwa mama mkwe, Mama Awuor. Sikwenda kulalamika. Nilikwenda ili asikie kwangu kabla hajasikia kwa Owiti.

Nilimkuta uani anachambua omena, vile vidagaa vya ziwani. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa. Vidole viliendelea — kokoto huku, omena huku. Kisha akaniuliza, kwa jina alilonipa la binti wa Mumias, "Nyar Mumias, unajua Zadock alijenga kwa sababu gani?"

Nikasema najua. Kila mtu mjini anajua. Mzee alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma bandarini. Mashua ya kubembea aliitengeneza kutoka kwa mashua ya kuokolea watu iliyotupwa. Gurudumu kubwa ni chuma cha reli. Wanyama walichongwa na seremala Msamia, baba yake Wandera mpaka rangi wetu, aliyekataa kuchonga farasi kwa sababu hajawahi kumwona farasi ziwani. Watoto wa mjini wapate pa kuchezea — ndiyo sababu.

"Hiyo ni sababu ya kuambia wageni," akasema Mama.

Ndipo akanipa ile nyingine. Naiandika kama alivyoisema, nisiipoteze.

Mwaka wa sitini na mbili kulikuwa na klabu ya wazungu karibu na maji, na bembea za watoto wao. Owiti alikuwa na miaka minne. Alipita chini ya ua, akakaa kwenye bembea. Alikaa tu, hata hakujua kuisukuma. Askari akamshika mkono akamng'oa pale kama mhogo. Bega likatoka. Zadock akatoka kazini na ovaroli yake akaenda kuuliza. Walileta ndoo, wakaosha bembea mbele yake.

"Kwa sabuni," akasema Mama. "Waliosha pale mtoto wangu alipokaa."

Zadock alirudi nyumbani. Siku ya pili alikuja na mnyororo begani. Akafunga bembea ya kwanza nyuma ya nyumba za wafanyakazi, akamkalisha Owiti, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa. Watoto wa majirani wakaja. Hawakuacha kuja. Uhuru ulipofika akaomba ploti, akapewa ile ya kando ya ziwa ambayo hakuna aliyeitaka, matope na mbu.

"Owiti anajua?" nikauliza.

"Ooyo, hapana. Zadock alikataza. Hakutaka mtoto akue akijua aliwahi kuoshwa kama uchafu."

Nilikaa pale mpaka omena wakaisha. Nimerudi Kisumu na hasira yangu imebadilika rangi. Sasa si ya geti tu.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Siku mbaya. Hakuna mteja hata mmoja. X inafanya kazi.

Shantel amekuja kutoka Maseno. Alitaka kuifuta kwa mafuta ya taa. Nimemkataza. Sijui kwa nini. Nimesema tu iache.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Owiti amekuja Kombewa na gari, suti, karatasi, na kile kidude cha wino. Mama alikuwa ameniita niwepo. Tumetoka kanisani, tumekula kuku. Kisha akatoa karatasi.

"Weka wino chini kwanza," Mama akamwambia. "Bega lako la kushoto linakuuma mvua ikikaribia?"

Owiti akacheka. "Tangu lini haliniumi? Si uliniambia nilianguka mtini."

"Nilidanganya."

Akamwambia yote. Askari, ndoo, sabuni. Kwa Dholuo, polepole, bila machozi. Mimi nilikuwa namtazama Owiti. Ana miaka sitini na saba. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe ukashika lile bega, ukakaa pale.

Nilidhani imeisha. Haikuisha. Akashusha mkono, akakohoa. "Mama, hayo ni ya wazungu. Wameenda. Mimi naongea ya leo."

Nikashindwa kukaa kimya. "Basi tuongee ya leo. Hiyo hoteli yako, watoto wa mabanda ya Nyalenda wataingia?"

"Kutakuwa na bembea. Nzuri kuliko zenu."

"Ya nani?"

"Ya wageni wa —" Akakata. Alijisikia mwenyewe. Sote tulimsikia.

Mama akaikunja mikono yake miwili kwapani, kama mtu aliyeshikwa na baridi. Kidole hakionekani hata kwa tochi!

Owiti akasimama. Akasema hata bila kidole, yeye ndiye mtoto wa kwanza, na vyuma vile ni hatari kwa watoto. Jumamosi vinatolewa. "Shemeji, toa vitu vyako."

"Vitu vyangu ni hivyo vyuma," nikasema.

Hakumaliza chai.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimewaza sana leo. Nimemkumbuka Ouma na mwaka ule ziwa lilipokuja. Maji yalipita ukuta, yakameza garimoshi dogo la watoto na reli yake. Mpaka leo liko chini huko. Ouma aliingia mpaka kifuani akawatoa wanyama mmoja mmoja, akawabeba kama watu. Asubuhi moja tukamkuta kiboko wa kweli anakula nyasi kando ya kiboko wetu wa mbao. Ouma akaninong'oneza: usimsumbue, amekuja kutembelea nduguye. Tulicheka tukiwa tumejishika midomo. Mwaka uliofuata corona ikamchukua.

Watu wote waliniambia nifunge wakati ule. Sikufunga. Ziwa zima lilishindwa kunifunga — leo nifungwe na kopo la rangi?

Jumamosi nafungua. Akija aje.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Wandera amepaka rangi tangu jana. Baba yake aliwachonga hawa wanyama, yeye amewavisha rangi maisha yake yote, na bado anasimama mbele ya mamba akiuliza kama meno yawe meupe au manjano. Manjano, nimesema. Hajawahi kupiga mswaki.

Injini ya jukwaa imewashwa, imekohoa, imekubali. Fundi amekagua kila kitu, nati kwa nati. Gurudumu kubwa halitazunguka, beringi imekwisha. Nimelifunga kwa mnyororo mimi mwenyewe. Owiti akisema ni hatari, asipate ukweli hata mmoja wa kushika.

Mwisho Wandera akaja na brashi getini. Hii X nifanyeje, Mama Shantel? Nikaiangalia. Nikamwambia usiiguse. Andika juu yake, maneno makubwa kuliko yenyewe: TUKO WAZI. Akacheka mpaka akaweka kopo chini. Sasa inasomeka hivyo, X nyekundu na maneno meupe juu yake. Ukipita unaona vyote viwili. Ndivyo ninavyotaka!

Shantel naye ametafuta picha ya mwaka wa sabini na nne, watoto watatu juu ya mamba, akaiweka mtandaoni. Ameuliza tu: mnawajua? Uwi! Simu haijanyamaza. Nesi fulani amesema huyo wa mbele ni mama yake. Mwanamke wa Sondu ameandika: huyo anayelia nyuma ni mimi, na Jumamosi nakuja kupanda tena, safari hii silii. Mwingine anasema alichumbiwa kwenye mashua ya kubembea, bwana akatapika, akamkubali hivyo hivyo.

Nimewasoma wote. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyebaki nikikumbuka.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Naandika ndani ya kibanda cha tiketi, kati ya mtu na mtu. Mwandiko unarukaruka. Injini inatikisa meza.

Watu! Laini imetoka getini, imepita kwa mama wa mahindi, sioni mwisho. Wazee wenye fimbo. Wamama wa kwaya na sare zao. Yule wa Sondu amefika, mwanamke mnene mcheshi, amempanda mamba kabla sijamkatia tiketi, akapiga kigelegele mzunguko mzima. Mama Awuor ameletwa kutoka Kombewa. Nimempa kiti kivulini, amekataa kivuli. Anataka kuona barabara.

—

Tingatinga limekuja. La manjano, juu ya lori. Muziki ukazimwa. Injini yangu sikuizima.

Nimetoka. Dereva ameshuka, kijana mwenye kofia. Akasoma geti. Akasoma tena. Akaniuliza mwenye mahali ni nani. Nikamwambia ni mimi, mke wa Ouma, na yule pale ni mama mkwe, mjane wa Zadock. Akaisikia lafudhi yangu, akageuza akaongea Kiluhya. Anaitwa Wakhisi, kwao ni Mumias, ng'ambo tu ya kwetu. Anasema aliambiwa ni kiwanja cha skrepa, hakuna watu.

"Mimi sibomoi na watoto ndani, mama. Hata anipigie nani."

Amekaa kwenye ngazi ya lori lake. Ananunua mahindi. Sijamwambia asante, nimemletea maji.

—

Owiti amefika. Ameongea na dereva, mikono juu. Dereva anatafuna mahindi. Ameongea na simu. Ameenda kwa mama yake, ameinama, na Mama hakuinuka. Sikusikia walichosema. Kilikuwa kifupi.

Sasa yuko hapa. Ameruka watu wote na kusimama dirishani kwangu.

"Shemeji, zima mashine tuongee."

"Siwezi kuzima. Kuna watoto juu."

"Mimi ni Owiti wa Zadock," akasema kwa sauti, ili watu wasikie.

Walisikia. Hakuna aliyesogea. Nikamwambia ninavyomwambia kila mtu: "Karibu. Panga laini."

Sikusema kwa kelele.

Ameangalia wanyama wakipita, kiboko, mbuta, korongo. Jasho kwenye kola. Sasa ameondoka dirishani. Anatembea kando ya watu, polepole, na watu wanageuza vichwa kumfuata. Kuna aliyemwamkia. Ameitikia.

Gari lake ameliegesha kule kule laini inakoishia. Sijui anaendea gari au laini. Nimesimama kwenye vidole vya miguu na bado sioni, yule wa Sondu amenizibia na kofia yake —

Mtoto anagonga dirisha. Anayefuata!