Watu wa Jumamosi

6 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitulea hivyo, siyo kwamba unazistahili. Hujambo? Sisi wazima, isipokuwa cherehani yangu uliyoiangukia Jumapili. Ovaroli kumi na mbili za ile kampuni iliyokufukuza zimelala mezani hazina mikono, na wewe ulikoroma sakafuni mbele ya watoto wangu. Nilikutukana, na ningekuwa na pumzi ningeendelea.

Basi sikia. Nimeuliza duka la dawa, nimeuliza zahanati, wamenizungusha mpaka miguu ikavimba. Mwisho muuguzi mmoja akaniandikia: kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, mtaani kwako hapo hapo! Kila Jumamosi saa kumi alasiri, chuo cha ufundi, karakana ya useremala, mlango wa nyuma. Unakaa, unasikiliza, ukitaka unasema. Nenda. Ukishindwa hata hilo, mimi na wewe basi.

Dada yako

10 Machi

Dada,

Shikamoo. Shemeji msalimie, ingawa najua hataki kunisikia.

Nimekwenda, furahi basi. Nililizunguka jengo mara tatu ndipo nikaingia. Watu tisa wamekaa duara, maranda ya mbao yanaingia mpaka kwenye soksi. Mwenyekiti, mama mmoja mstaafu, akasema sheria yao ni moja: unayemwona hapa na unalolisikia hapa, yanabaki hapa.

Halafu akasimama nani? Msimamizi! Yule yule aliyeniamuru nipumue mbele ya mafundi vigae wote, akaninusa mdomo kama anakagua maziwa, akanifukuza. Kofia mkononi, eti leo ni siku yake ya arobaini bila kunywa. Arobaini! Mimi alinifukuza miezi minne iliyopita. Kumbe siku ile naye alikuwa anakunywa! Nikainuka, kiti kikaanguka, sikukiokota. Sirudi ng'o. Nimekuambia wewe tu, maana ningepasuka.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi leo mzima kupita siku zote.

Jana nilipeleka ovaroli ofisini kwao. Nikamkuta huyo msimamizi wako kati ya karani na mafundi, anatoa amri. Nikakumbuka ulivyolia sebuleni kwangu siku uliyofukuzwa. Uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia mbele ya wote: "Mnafiki wee! Unamfukuza ndugu yangu kwa ulevi, na wewe kila Jumamosi uko na walevi mnahesabu siku?"

Nimekulipizia. Nilirudi nyumbani naimba. Kikundi kingine tutakitafuta.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Zaidi ya hapo sikuulizi hali.

Wiki sita kila nikianza kukuandikia nachana. Si ungeniuliza kwanza! Jumamosi iliyofuata ile barua yangu nilirudi kule, ndiyo, mimi niliyesema sirudi. Msimamizi akaja kukaa kando yangu. Akasema, "Siku ile nilikunusa wewe ili wasininuse mimi. Nisamehe." Akanipa namba yake: ukishikwa na kiu, nipigie kabla hujatoka mlangoni. Jumapili nikashikwa, nikapiga. Alikuja, tukakaa jikoni kwangu tunamenya viazi mpaka kiu ikapita. Jumatatu ukaenda wewe na mdomo wako.

Walimfukuza siku hiyo hiyo. Haji tena. Wengine watano nao hawaji, wanaogopa kutajwa kazini kwao. Tulikuwa kumi, sasa tuko wanne. Mwenyekiti akauliza nani ametoa siri. Nikasimama, nikasema ni mimi. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana!

Nilikwenda kwa msimamizi, mkewe akanifungia mlango usoni. Nilimsikia mumewe ndani akiongea peke yake, ulimi mzito. Naijua sauti hiyo, mimi pia huongea hivyo.

Kosa la kwanza ni langu, sikatai. Lakini wewe ulirudi unaimba, dada. Unaimba!

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu, kama bado unazipokea kwangu.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimalizia nimekaa chini. Kwanza nilikukasirikia wewe: kwa nini uliniambia, na mdomo wangu unaujua tangu utotoni? Halafu hasira ikanigeukia mwenyewe. Nilikwenda ofisini nikasema nilidanganya, yule bwana sijawahi kumsikia popote. Karani akacheka. Akasema bwana mwenyewe alikiri. Nikawarudishia vitambaa vyao, siwashonei tena.

Nimekosa. Kuomba radhi sijazoea, naona hata kalamu inagoma. Nijibu matatu tu. Amerudi? Bado una hasira na mimi? Umekunywa?

Dada yako mjinga

23 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimekawia makusudi.

Kama msimamizi amerudi au hajarudi, kwangu hutalisikia, hata uje kulilia mlangoni. Hilo siyo langu kulisema.

Hasira ninayo, tele. Juzi nilikikumbuka kile kicheko cha karani ulichoniandikia nikapiga meza, na kidole kimevimba mpaka sasa. Usiniharakishe.

Kunywa, sijanywa. Jana nimetimiza siku mia moja na tano. Mwambie shemeji, waambie watoto, panda juu ya meza upige kelele mtaa mzima usikie. Hili ni langu, dada. Hili litangaze.

Mdogo wako