Maksai Aliyeacha Kurusha Teke

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kisesa hatujambo, babu yako yuko kwenye majaruba ya mpunga anapalilia. Umeniuliza utajuaje kwamba paka anaumwa ikiwa halii.

Nilipokuwa msichana tulikuwa na maksai mkorofi, ng'ombe wa kulimia. Kila tukimfunga nira, alirusha teke. Siku moja akasimama kimya. Nikamsifu kwamba sasa amezoea kazi, tukalima naye kwenye tope hadi mchana. Jioni wenzake walilala wakicheua, yeye hakucheua. Baba akamwinua mguu wa nyuma, akakuta mwiba umezama katikati ya kwato. Kumbe hakuwa ametulia; mguu ulimuuma hata teke lilimshinda.

Umeandika kwamba paka wako siku hizi ametulia, haparamii tena mapazia, nawe umefurahi. Mpapase taratibu, kisha uniambie ameshtuka ulipomgusa wapi.

Bibi yako