Upande wa Kitasa

3 Machi
Shikamoo kaka,
Mgongo wako waendeleaje? Huku wazima, ila mimi na nyonga yangu. Mfupa umeunga na daktari kaniruhusu kutembea, lakini nikikanyaga mguu wa kulia nachomwa mpaka kwenye meno. Fimbo naishika mkono wa kulia, palepale penye maumivu, na bado nayumba kama bata. Chumba changu cha kushonea kiko ngazi kumi na nne juu. Mwenye nyumba kasema nisipoweza kupanda hadi mwisho wa mwezi, anampa kinyozi.
Mdogo wako, Fundi

9 Machi
Marahaba Fundi wangu,
Salamu nyingi kuliko sindano zako. Mgongo upo, unanung'unika tu. Sasa unaongea na mtu aliyehamisha makabati ya mabalozi na piano ya ghorofa ya saba! Shule niliikimbia darasa la sita, lakini uzito naujua tabia.
Fimbo ihamishie kushoto. Unabisha, najua. Nenda mlangoni, usukume kwa kidole karibu na bawaba. Mgumu, eti? Haya, sukuma pale penye kitasa. Si umeenda wenyewe? Nyonga ndiyo bawaba. Ukisimamia mguu wa kulia, mwili wote wa kushoto unataka kudondoka, na msuli wa nyonga unauvuta peke yake. Fimbo ikiwa kushoto iko kwenye kitasa: iegemee kidogo tu, nyonga itapumua. Fimbo na mguu mbovu vitembee pamoja. Kupanda ngazi, mguu mzima utangulie, kushuka, mbovu.
Friji zimepanda kwa akili yangu, sembuse wewe?
Kaka yako

24 Machi
Fundi, hujambo kweli?
Kimya cha nini? Leo nimeangusha meza ya kioo nikikuwaza, mimi nisiyewahi kuangusha hata kijiko. (Haya, vijiko viwili.) Kama maneno yangu ndiyo yaliyokuangusha, sema. Nitakuja nikubebe ngazi zote, unitukane njia nzima.
Kaka yako

2 Aprili
Shikamoo kaka,
Mzima, tena juu. Sikutaka kukuandikia nikiwa chini. Siku ya kwanza ngazi tatu, nikakutukana. Juzi kinyozi kaja kupima chumba, kanikuta ndani.
"Mama, umepandaje?"
"Kwa kitasa."
Kaondoka anakuna kichwa.
Nimekushonea mkanda wa kubebea mizigo. Mzigo uukumbatie tumboni. Ukiubeba mikono imenyooka, mgongo ndio unaokuwa bawaba. Mlango wako mwenyewe umeusahau!
Cherehani nimeikanyaga kwa mguu wa kulia. Utakapoona mshono umepinda, ndipo mguu ulipochoka. Usiufumue.
Mdogo wako, Fundi