Karanga Mkononi mwa Malkia

Frostproof, Florida
Jumatatu, 12 Februari

Kwako kaka yangu Alton,

Naomba barua hii ikukute umeketi, umeshakunywa kahawa, na lile goti limekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mimi presha inapanda na kushuka ipendavyo yenyewe, lakini daktari anasema moyo wangu ni wa msichana, nami sikumbishia. Darla na mumewe wazima, watoto wao wanakula kama nzige. Machungwa yamepatwa na ugonjwa tena mwaka huu, ile miti miwili tu ya nyuma ya nyumba ndiyo imezaa cha maana. Vipi huko Valdosta? Umeacha kubishana na yule mchungaji mpya? Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, usimpe jirani akuandikie, maana yule mama anaongeza chumvi.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia barua nene wakati simu ipo. Yapo mambo ambayo kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza mimi nitaogopa, nikiogopa nitageuza maneno. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, kisha ukasirike ukitaka.

Kaka, Jumamosi iliyopita niliingia Juu. Juu kulekule, kwenye ukumbi wa wanachama wa ile Bustani ya michezo tuliyofanyia kazi mimi na wewe. Niliingia, nikavuta kiti, nikakaa, nikawekewa kitambaa mapajani. Mimi, Verlene Pruitt, niliyeshona aprini za wahudumu wa ukumbi ule miaka ishirini na minane bila kuona hata mguu wa meza yake. Unajua ilivyokuwa: sisi wa chumba cha kushonea tulipanda kwa ngazi ya jikoni, tukaacha mzigo mlangoni, tukageuka. Yale mapazia ya kijani nimeyashona kwa mikono hii, na Jumamosi ndiyo mara ya kwanza kuyaona yametundikwa. Yameanguka vizuri sana, kama unataka kujua.

Aliyenialika ni Winifred Stroud, mama mkwe wake Darla. Ninakuomba usicheke. Yule mama ni mwanachama wa miaka ishirini, na katika hiyo ishirini haijapita sikukuu bila kutuambia amekula nini Juu na amekaa karibu na nani. Mwaka huu sijui huruma ilimtokea wapi, akasema Verlene naye aende aone. Basi wiki nzima simu haikunipa raha. Mara aniulize kama nina viatu vya kufunika vidole, mara anikumbushe kwamba mhudumu haitwi kwa kupiga makofi. Nikamwambia mimi nimezaliwa Florida, sikuokotwa porini. Akasema, aa, nakusaidia tu mpenzi. Mpenzi! Nikavaa lile gauni la bluu la kola nyeupe na kofia ya Pasaka, nikajiambia leo nitakuwa mtu mzima.

Tulikubaliana tukutane mlangoni saa sita. Mlango wa mbele, ule wa mbao usio na kibao, kando ya bembea la farasi wa mzunguko. Nikaegesha gari, nikatembea huku nawaza kama nimezima jiko nyumbani, na nilipopata fahamu nilikuwa nimesimama wapi? Mlango wa jikoni. Tena naibonyeza kengele kwa kiwiko, kama mtu aliyebeba mzigo, na mikono yangu mitupu! Miguu ilijipeleka yenyewe.

Akafungua mhudumu mmoja mzee, mtu wa Puerto Rico, kibao kifuani kinasema Teofilo. Akaniuliza mama umeleta nini. Nikamjibu kwamba nimejileta mwenyewe, ni mgeni wa Bi. Stroud. Akacheka mpaka akashika ukingo wa mlango, kisha akavua aprini, akanipa mkono, akasema mgeni wake hapiti kwenye masufuria. Akanizungusha jengo zima hadi mbele, taratibu, kama ananipeleka madhabahuni. Winifred alikuwa pale na marafiki zake wawili, mume na mke kutoka Tampa. Aliponiona natokea upande ule akawaambia, mumsamehe jamani, Verlene amezoea mlango wa jikoni. Wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Masikio yaliniwaka moto, lakini kwa hilo alisema kweli.

Ndani ni pazuri, sikufichi. Kimya, zulia la kuzamisha visigino, na kelele zote za Bustani zimebaki nje. Nikawa natafuta pa kuweka mkoba, nikainua macho juu ya kaunta ya vinywaji. Alton, yupo.

Yupo vilevile ulivyomwacha. Pengo la meno, kilemba kimefungwa kwa nyuma, bega la kushoto limeshuka kwa ile ndoo aliyoibeba maisha yake yote. Mkia wa samaki ulimwekea kwa sababu Bustani walitaka mkia wa samaki, lakini kutoka kiunoni kwenda juu sanamu ile ni Mama. Nilishika kiti. Mbao zimekuwa nyeusi zaidi kwa miaka hii na zimempendeza, zimekaribia rangi yake.

Wao wanamwita Malkia wa Bahari. Kila anayeketi Juu kwa mara ya kwanza lazima amnyanyulie glasi kabla ya kunywa, ndiyo desturi yao, wamekuwa wakimpa Mama heshima hiyo tangu mwaka elfu moja mia tisa themanini na sita bila kujua wanampa nani. Teofilo akatupa ile hadithi ambayo wahudumu wameandikiwa kwenye kadi: sanamu ilichongwa na fundi mkubwa wa Italia, ikavuka bahari kwa meli, na mkononi Malkia ameshika lulu za watoto wake. Winifred akaongeza kwamba yeye mwenyewe alishaona dada wa sanamu hiyo huko Venisi. Dada yake! Huko Venisi!

Nilijaribu kunyamaza, kaka. Nilikunywa maji. Nilikata mkate. Nikashindwa.

Nikanyoosha mkono kuelekea kaunta, nikawaambia zile si lulu, ni karanga za kuchemsha. Winifred akatabasamu lile tabasamu la kufundisha mtoto, akasema Verlene mpenzi, ni lulu, imeandikwa. Nikamuuliza tangu lini lulu ikawa na kiuno. Yule bwana wa Tampa akavaa miwani, akainuka, akaenda mpaka kwenye kaunta, akasimama shingo ameirudisha nyuma muda mrefu. Akarudi anasema kwa kweli zina viuno, tena moja imepasuka ganda, punje inaonekana. Babu yake alilima karanga Alabama, kwa hiyo hakuna wa kumdanganya.

Lakini mtu aliyeniamini kabla ya bwana huyo ni Teofilo, na sababu ni mkono wangu. Unakumbuka tulivyofundishwa siku ya kwanza ya kazi? Kumnyooshea mgeni kidole kimoja ni mwiko, unaelekeza kwa vidole viwili vimeshikamana. Nimestaafu miaka kumi na bado hata kanisani naonyesha hivyo. Yeye aliona vile vidole viwili akajua huyu mama si mgeni, huyu ni wa nyumba hii. Akaweka sinia chini. Akaniuliza kwa upole kabisa, basi mama, huyo juu ni nani?

Nikasimama. Kofia kichwani, kitambaa kimedondoka, nikasimama. Nikawaambia huyo ni Idella Pruitt, aliyeuza karanga za kuchemsha pembeni ya Barabara ya Ishirini na Saba, jua na mvua, mpaka mwaka mmoja kabla ukumbi huu haujafunguliwa. Nikawaambia hajachongwa Italia. Amechongwa kwenye banda la nyuma ya nyumba yetu, kwa mbao za kinamasini, kuanzia Januari hadi Agosti, na mimi ndiye niliyekuwa nafagia maranda. Huyo ni mama yangu, na aliyemchonga ni kaka yangu.

Nilijivuna, Alton. Acha nikwambie ukweli, nilijivuna mpaka kofia ikanibana. Yule bwana wa Tampa akanyanyua glasi akasema, kwa Mama Idella, na meza ya pili wakanyanyua, na ya tatu, watu nisiowajua hata kwa sura, wote wanataja jina la Mama wakiwa wamemtazama. Winifred alinyanyua wa mwisho. Lakini alinyanyua. Baadaye garini aliniuliza kwa nini miaka yote sikumwambia. Nikamjibu kwamba hakuwahi kuniuliza chochote, akasema ni kweli, na tangu juzi hajaniita mpenzi.

Teofilo akatoa kalamu. Akasema meneja atataka kuirekebisha ile kadi, nimtajie fundi anaitwa nani. Na hapo, kaka, jina lako likanikwama kooni. Wote walidhani ni machozi. Hayakuwa machozi.

Sasa kaa vizuri.

Ile sentensi niliyoisema Jumamosi nimesimama, kwamba huyo ni mama yangu na aliyemchonga ni kaka yangu, haikuwa mara ya kwanza kuisema. Niliisema mwaka ule ule wa themanini na sita, asubuhi ya ufunguzi, chumba cha kushonea. Walileta picha za ukumbi tuone aprini zetu zilivyokaa, wasichana wote wakamshangaa yule Malkia, wanasema uzuri gani huu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tatu, Mama hana hata mwaka kaburini, na moyo ulinijaa. Nikasema. Kabla ya saa sita mchana maneno yalikuwa yameshafika ofisini.

Ulikuwa umetuambia watu wawili tu, mimi na rafiki yako Curtis Bell. Ulijua sheria yao, fundi haachi jina lake wala sura ya mtu wake kwenye kazi ya Bustani, na ulituapisha. Jioni ukarudi na patasi zako ndani ya gunia, ukasema wamekufukuza, Curtis amekuuza. Nilikuwa mezani namenya maharage. Uliniangalia usoni ukasema Curtis amekuuza, nami niliendelea kumenya. Nikajiambia nitasema kesho, hasira ikipoa. Ijumaa ukahamia Georgia.

Si Curtis. Curtis hakumwambia mtu. Ni mimi.

Miaka thelathini na minane, Alton. Kila Pasaka Curtis alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza alimkosea nini Alton, nami nikamjibu kwamba wewe ndivyo ulivyo. Nilimtazama machoni, nikamjibu hivyo, nikaenda nyumbani nikala. Sanamu hawakuishusha kwa sababu wanachama walishaipenda, ila wakaitafutia baba Mwitalia, na mimi nikaendelea kushona aprini.

Jana baada ya ibada nilimwendea. Anakaa kwa binti yake Lake Wales, macho hayaoni tena lakini masikio yako sawa. Nilimwambia yote, nikiwa nimepiga magoti. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalala tangu nilisikie. Alisema yeye alishajihukumu. Kwa kuwa wewe ulikuwa na uhakika kiasi kile, na yeye enzi hizo akinywa, aliamini kwamba lazima aliropoka siku moja amelewa na asikumbuke. Akaacha pombe mwaka ule ule kwa ajili yako. Miaka yote hii ametubu dhambi yangu.

Akaniuliza tu kama bado una hasira. Nikamwambia sijui.

Jina lako sijawapa. Meneja alinipigia leo asubuhi, mtu mwenye adabu, anasema akilipata ataliandika kwenye kadi na ukutani chini ya Mama, tena wewe utaingia Juu siku yoyote utakayo kwa mlango wa mbele. Nikamwambia asubiri. Mara ya kwanza nilisema habari zako bila ruhusa yako, na sitarudia. Ukiniambia niseme, nitasema. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza, na Mama ataendelea kuwa Mwitalia.

Namba ya simu ya Curtis nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa tarakimu kubwa. Nakuomba umpigie yeye kwanza. Ana miaka themanini, na binti yake anasema tangu jana amehamishia kiti chake kando ya simu. Mimi niweke mwisho. Nitangoja zamu yangu, hata kama haitafika.

Darla na watoto wanakusalimu, hawajui neno lolote la haya. Nisalimie majirani, na huyo mchungaji pia. Ufunge goti kwa kitambaa cha joto, baridi bado haijaisha.

Ni mimi dada yako, niliyesema pa kunyamaza na kunyamaza pa kusema,

Verlene