Cherehani Ilipozimwa

Machi 4

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama. Mimi sijambo, ila viganja vimejaa malengelenge. Mama anaendeleaje? Bado hajasema neno? Tangu daktari aseme kwamba baada ya kiharusi sauti inaweza kurudi, kila nikifungua barua yako naitafuta habari hiyo kwanza.

Ngoja nikupe kisa. Hapa kiwandani glasi ikishaumbwa huingizwa kwenye tanuri la kupozea, ipoe polepole mpaka kesho yake. Juzi nikajitia haraka, nikatoa jagi moja kabla ya wakati. Lilikuwa zuri, dada, halina hata mkwaruzo. Nililiweka mezani nikageuka kunywa maji, na bila mtu kuligusa likapasuka lenyewe vipande vipande. Fundi mkuu hakunigombeza. Alisema glasi isiyopumzishwa hubaki imekaza kwa ndani, na jicho halioni kitu.

Nikakukumbuka wewe na huo mkono wako unaotetemeka. Zima cherehani, funga duka mchana, japo kidogo, ukae.

Mdogo wako

Machi 19

Kwako mdogo wangu,

Salamu tele. Sisi tunaendelea. Mama anakula vizuri, lakini neno hata moja hajatoa. Namkalisha dukani nyuma yangu ili asibaki peke yake nyumbani. Midomo inachezacheza tu, kama mtu anayetafuna.

Pole na jagi lako, ila mimi si jagi. Sare za shule zimejaa mpaka mlangoni na kila mzazi anataka ya mwanawe ishonwe kwanza. Nikifunga mchana watasema nimeota mapembe. Halafu wewe mhubiri wa mapumziko, likizo yako ya mwisho ulichukua lini? Usinifanye nicheke na pini ziko mdomoni.

Mkono unatetemeka jioni tu. Usijali.

Dada yako

Mei 2

Dada,

U mzima? Mama mzima? Nimeandika mara mbili na hujajibu. Kimya hiki kinaniondolea usingizi. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

Mei 11

Mdogo wangu mpenzi,

Tu wazima, nisamehe kwa kukutia hofu. Sikuweza kushika kalamu. Mkono ulicheza nikiwa kazini, sindano ikapita kwenye kidole mpaka upande wa pili. Nesi alikifunga, akaniambia nisipopumzika kila mchana nitaiacha kazi hii kwa lazima. Hapo niliogopa, maana sijui kazi nyingine.

Basi nikazima cherehani, nikafunga mlango. Siku ya kwanza nilikaa kama niliyekalia miiba, nikaishia kupanga vifungo kwa rangi. Iliyofuata nilivuta kigoda karibu na mama, nikatulia. Sikujua duka lile lina ukimya kiasi kile. Nilisikia bomba la jirani likidondosha maji.

Kisha nikasikia mtu anasema, "Umechoka, mwanangu."

Nilitazama dirishani, hakuna mtu. Alikuwa mama. Sauti ni ndogo mno, ndogo kuliko mnong'ono, lakini ni yake ileile. Nikapiga magoti mbele yake, nikamuuliza ameanza lini kusema.

"Nakuita kila siku," akasema. "Hicho chombo chako kina kelele. Jioni sauti imeniishia."

Ile midomo niliyodhani inatafuna ilikuwa inaniita, nami nimempa mgongo, nashona. Nililia mpaka akanipangusa kwa upande wa kanga yake. Hata sasa nikiandika siamini kwamba jambo kubwa namna hii lilikuwa hatua chache nyuma yangu.

Sasa nafunga kila mchana. Anasema maneno machache, anasinzia, nami nasinzia naye. Mkono umetulia kiasi. Mteja mmoja alifoka, akabeba kitambaa chake kwenda kwa fundi mwingine. Namtakia heri.

Jana aliulizia habari zako. Nikamwambia uko kiwandani na unamsalimu sana. Akauliza, "Anakuja lini nimwambie mwenyewe kwamba naye amechoka?" Nikasema una kazi nyingi.

Akaugeukia mlango. Tangu jana hajasema tena, na mchana wa leo wote alikuwa anaangalia mlango.

Dada yako