Jina Lako Saa Saba Mchana

Mama Nekesa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, na mpaka leo sijathubutu kuegemea. Mzee Cheruiyot amenipa nafasi yako hapa ofisini kwake ya upimaji ardhi, kwa majaribio. Alisema, "Njeri, wewe ndiwe ulikaa naye karibu. Endelea pale alipoachia." Nikajibu, "Sawa, Mzee," kana kwamba nilijua ulipoachia ni wapi. Sikujua. Nimekuja kujua wiki hii.

Kwanza habari za nyumbani. Mama yangu hajaondoa ile stuli yako mbele ya duka letu mtaani Munyaka. Mteja akitaka kuikalia anaambiwa ina mguu mbovu. Haina mguu mbovu. Binti yako Nafula amerudi shule. Alipita dukani kuaga, akanunua sabuni, akakataa katakata kupewa bure, eti ulimkataza. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Sasa ya kazini. Niyaseme polepole, nisiruke kitu. Wewe ulichukia mtu anayeruka.

Unakumbuka laptopu yako ilivyokuwa ikiwaka: kwanza picha ya yale maua yako, halafu jina lako katikati ya kioo, Nekesa. Tuliporudi kutoka kukuzika, kila asubuhi mtu alipoiwasha kutafuta faili, jina lilitokea pale kama mtu aliyefungua mlango. Kibet, mchoraji ramani wetu ambaye hata kwenye matanga alikuwa na mzaha, alilitazama akaifunga laptopu bila mzaha. Mzee akasema kwao mtu akishazikwa jina lake haliitwi kila asubuhi, aachwe apumzike. Hakuna aliyebisha. Kibet akaifuta akaunti yako, akafungua nyingine, akaiita Ofisi. Faili zote zilibaki mahali pake kwenye folda ya pamoja. Tuliona tumekupa heshima yako. Mimi nilisimama mlangoni nikilia, na moyoni nikashukuru.

Baadaye ndipo kazi ya kule Soy, nje ya mji, ilikuja. Mzee Tuwei alitaka shamba lake ligawiwe wanawe wawili akiwa hai, ili wasije kukatana. Mawe mengi ya mpaka yalishang'olewa na trekta, na aliyejua yalipokuwa ni yeye peke yake. Alitembea na Mzee Cheruiyot na Kibet asubuhi nzima, akichoma ardhi kwa fimbo: hapa, na hapa, na pale palipokuwa na mti. Kibet akapima kila alama. Walirudi na matope hadi magotini, vipimo vikaingizwa kwenye laptopu yako, na kumbukumbu ya kile chombo cha kupimia ikafutwa kama kawaida ili kiende kazi nyingine.

Kisha Mzee Tuwei akapooza. Mguu umeanza kurudi, ulimi haujarudi. Mwanawe mkubwa alipiga simu nikapokea mimi. "Madam, Ijumaa tunakuja kuchukua hiyo ramani tuweke mawe. Hiyo sasa ndiyo mdomo wa baba. Ikipotea, mimi na ndugu yangu hatutaelewana tena." Hakuwa akitisha. Aliogopa, nikamsikia.

Jumatano asubuhi laptopu ilianza kulia. Sauti ndogo, kama kuku anayedonoa bati. Ikawaka kwa shida. Nikajiambia, tulia Njeri, Mama Nekesa ana nakala. Nikavuta droo yako, ile yenye tundu ulilomwita fundi atoboe ili waya upite, na diski yako ilikuwemo, taa yake ya buluu inawaka vizuri. Nikafungua nakala nitafute Soy.

Haikuwepo.

Nilitafuta tena, mara hii kwa jina la Tuwei. Haikuwepo. Kitu kipya kuliko vyote mle ndani kilikuwa cha siku ile waliyofuta jina lako.

Nikafungua ile programu ya kupangia kompyuta kazi zake, uliyonionyesha nikakuitikia "eeh, eeh" huku nikiwaza chakula cha mchana. Kazi yako ilikuwa bado kwenye orodha. Kila siku, saa saba mchana, nakili folda yote kwenye diski. Na mahali pa kuonyesha inaendeshwa kwa jina la nani, palikuwa na jina lako. Uliipanga ifanye kazi kwa idhini yako, na sisi tulikuwa tumemfuta mwenye idhini. Kila saa saba kompyuta ilikuwa ikimtafuta Nekesa, haimpati, inanyamaza.

Lakini nikaangalia kumbukumbu za nyuma, na hili ndilo lililonivunja. Wakati tuko kwenye mikutano ya mazishi, wewe uko mochari, kazi yako iliendelea. Imefaulu. Imefaulu. Imefaulu. Ulikuwa umelala pale, na saa saba mchana bado unatuwekea akiba. Tulipotaka kukupumzisha ndipo ulipoacha.

Sikumwambia mtu. Najua ungenigombeza. Niliogopa Mzee angeona mtu wa majaribio ameharibu, na ulimi wangu nao ulikuwa mzito. Nilijaribu kunakili faili ya Soy kwa mkono, kompyuta ikaganda, kwa sababu kila mtu ofisini alikuwa akivuta ramani zake kutoka humo. Nilikumbuka neno lako: "Saa saba watu wanakula, mashine nayo inapumua." Nikaamua kufuata saa yako. Nikaandaa kazi mpya kwa akaunti ya Ofisi, kila siku saa saba, faili za Soy zitangulie. Programu ikaniuliza kazi hii inaitwaje. Vidole vikaandika Nekesa kabla sijafikiri. Nikaacha.

Ilipokaribia saa saba Mzee akanituma kupeleka hati kwa wakili mmoja kule mtaa wa Elgon View. Ningekataaje? Nilienda nikiwa natazama mawingu. Unajua mvua ya Eldoret ya wakati huu: asubuhi jua la kuanikia mahindi, mchana mbingu inakuwa nyeusi kama sufuria. Niliporudi nililowa hadi kwenye soksi, nikakimbilia droo yako kabla ya kuvua koti.

Hakuna kilichonakiliwa.

Nilitazama chini ya meza, nikaona waya wa laptopu umelala sakafuni. Kibet alikuwa amekula mapema, radi ikaanza, akafanya tunavyofanya wote: akachomoa kila kitu ukutani. "Prof," akaniambia, kwa lile jina la utani alilonipa, "radi haiulizi mtu amesoma wapi. Ama ulitaka tuchomwe kama mahindi?" Akacheka. Laptopu ilikuwa haijazimika, ilikuwa kwenye betri. Basi kwa nini kazi haikuanza?

Hapo nikakusikia, Mama. Siku ile uliponionyesha programu ulikuwa umesimama nyuma yangu, mkono mmoja na kikombe, na ulisema, "Hii kitu ni mvivu. Ikiona haina stima inajipa likizo. Toa hiyo alama." Mimi nilikuwa nawaza chapati. Lakini sikio lilikuwa limehifadhi. Nikafungua masharti ya kazi, na kweli, alama ilikuwepo, imewekwa tangu kiwandani: anza tu kama kompyuta imechomekwa kwenye stima. Nikaitoa. Iliyo chini yake inayosema isimame ikihamia kwenye betri, nikaitoa pia. Kisha ile nyingine, ya kuanza mara moja kama saa imepita, nikaiweka. Nikabonyeza ianze.

Ikaanza. Na ile sauti ya kudonoa ikaanza nayo.

Radi ikapiga karibu sana, madirisha yakatikisika, stima ikapotea mtaa mzima. Mzee akatoka ofisini kwake na simu inawaka mkononi. "Hiyo bado inafanya nini? Zima hiyo kitu, Njeri!"

Mama, wewe unajua mimi. Sijawahi kumjibu Mzee. Kwetu nimelelewa kusema ndiyo kwanza na kufikiri baadaye. Nilijua pia kwamba hiyo mashine ikizimwa haitaamka. Nikashika meza kwa mikono yote miwili, nikasema, "Nisamehe, Mzee. Siizimi. Soy haiko mahali pengine popote." Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

Akaniangalia. "Na nakala za Nekesa?"

Nikamweleza. Jina, akaunti, kila saa saba inamtafuta. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuanza upya. Kibet aliacha kutabasamu. Akasema chinichini, "Ni mimi nilifuta." Mzee akasema, "Ni mimi nilikutuma." Kisha akavuta stuli, akaketi kando yangu, na sote watatu tukaitazama betri ikishuka na ule mstari wa kijani ukisogea kama konokono. Kibet alianza kuomba kwa Kikalenjin. Aliposita kidogo nikajua mstari umekwama, akaendelea nao ukaendelea.

Ikafika mwisho. Imefaulu.

Mzee akashusha pumzi, akataka kuinuka. Nikamwambia bado. Hili nalo ni lako: "Nakala ambayo haijafunguliwa ni uvumi." Kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani ulikuwa ukifungua faili moja kwenye mashine nyingine, na Kibet alikuwa akikutania kwamba unawakagua malaika. Nikachukua diski, nikaichomeka kwenye laptopu ya Mzee. Ilichukua muda. Kisha ikafunguka: mto, barabara, na mistari yote ile ambayo Mzee Tuwei aliichoma kwa fimbo. Kibet aliweka kidole juu ya kioo mahali palipokuwa na mti. "Hapa alisimama akapumzika," akasema. Hakutania tena.

Kesho yake laptopu yako haikuwaka. Nilibonyeza, nikabonyeza, ikanyamaza. Kama ningeizima saa ile, leo ningekuandikia barua nyingine, au nisingekuwa na uso wa kukuandikia.

Jana Ijumaa wana wa Tuwei walikuja, wakaketi mbali mbali kama watu wasiojuana. Baba yao waliingia naye kwa kiti cha magurudumu, amefungwa blanketi kifuani. Mzee alitandaza ramani mezani mbele yake. Yule mzee aliitazama muda mrefu, kisha mkono wake wa kushoto ukatoka kwenye blanketi, ukaenda juu ya karatasi, ukapita alama moja baada ya nyingine, na kila alama aliigonga na kutikisa kichwa kukubali. Yule mwana mdogo ndiye aliyesogeza kiti karibu na kaka yake kwanza. Kufikia jioni mawe yalikuwa ardhini.

Tumenunua kompyuta nyingine. Niliipanga kazi ile upya mwenyewe, kwa akaunti ya Ofisi, ili mtu yeyote akiondoka, hata mimi, isiondoke naye. Mzee alikuja kutazama. Akaona jina la kazi kwenye orodha, akasoma kwa sauti: "Nekesa. Huyu si tulisema apumzike?"

Nikajibu kabla woga haujanishika, "Mzee, alipumzika kidogo tu, na nusura sisi sote tupumzike."

Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akafuta macho, na sijui yalikuwa ya kicheko au la. "Basi mwache hapo. Hakuwahi kupenda kukaa bure."

Bado naogopa, Mama. Naogopa radi, naogopa simu ikilia, naogopa siku Mzee atakapogundua kuna jambo jingine ambalo sikulisikia kwa sababu nilikuwa nawaza chapati. Lakini nakuahidi hili moja, na ninaliandika ili nisiwe na pa kukimbilia: kila Ijumaa, kabla sijavaa koti, nitafungua faili moja kutoka kwenye akiba na kuisoma hadi mwisho. Kibet akinitania, atanie. Na Nafula akifunga shule nitamleta hapa, nimwonyeshe jina la mama yake linavyofanya kazi.

Pumzika sasa, Mama Nekesa. Mimi niko. Wenzangu wametoka kwenda kula, saa yako imefika, na taa ya buluu kwenye droo imeanza kupepesa.

Ni mimi, msaidizi wako,
Njeri